Mnyoo Mwenye Matundu Mawili

Atupele alilitamka neno lile kabla hajamwona mnyoo mwenyewe, na kwa mkaguzi wa nyama kama yeye hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Juni. Alikuwa mjini Sumbawanga, ndani ya duka la dawa za mifugo, akisubiri kupimiwa wino wa muhuri wa nyama, simu ikalia. Aliyepiga ni Gaudiosa, mwenye mgahawa pale senta ya Kasipwe, upande wa kwenda Kaengesa. Gaudiosa huyo ndiye aliyempangisha chumba uani kwake.

“Mtaalamu, tumeumbuka! Wageni wa kipaimara wameshakaa mezani, na kwenye ini kuna mdudu!”

“Mdudu gani? Ana miguu?”

“Miguu ya wapi! Bapa, kama jani. Rangi ya udongo.”

“Ini umenunua kwa nani?”

“Kwa Eustaki, jana asubuhi. Kwani kuna mwingine?”

Atupele hakufikiri zaidi ya pumzi moja. Kiumbe bapa kama jani, ndani ya ini la ng'ombe, juu ya nyanda hizi ambako mifugo hunywa kwenye madimbwi yaliyojaa konokono: jibu lilikuwa limekaa mlangoni likimsubiri.

“Huyo ni mnyoo wa ini,” alisema. “Na maini yote ya jana niliyapasua mwenyewe machinjioni nikayakamua mirija yake. Yalikuwa safi. Basi hilo ini halikupita mikononi mwangu. Huyo mzee amechinja kichakani tena.”

Hakujua kwamba Gaudiosa ameweka spika. Hakujua kwamba nyuma ya Gaudiosa wamesimama wazazi, wasimamizi wa kipaimara na nusu ya kwaya, wote wameshika sahani, wote wanasikiliza.

Alipoteremka kwenye gari pale senta saa tisa alasiri, bucha ya Eustaki ilikuwa imefungwa. Mlango ulikuwa umepakwa mavi ya ng'ombe, na mapande ya nyama yalikuwa yametupwa barabarani na wateja waliokuja kurudisha walichonunua. Mbwa wa senta nzima walikuwa wameshiba, wamelala upande. Mwenye bucha alikuwa ameketi kizingitini, koti lake la baridi limefungwa vifungo vyote, kisu mapajani.

“Shikamoo,” alisema Atupele.

Eustaki hakuitikia. Hakuwa amewahi kuitikia. Kwa miaka mitatu, kila alfajiri machinjioni, binti yule wa kutoka Tukuyu alimwamkia mzee shikamoo kama adabu inavyotaka, na mzee alimjibu kwa maneno matatu tu: “Ng'ombe ni huyo.” Safari hii ng'ombe hakuwepo. Alimwita mbwa wake.

“Mtaalamu! Njoo hapa. Mtaalamu, acha kula uchafu.”

Mbwa alikuja mbio. Ndilo jina alilopewa mwezi Machi, wiki ile Atupele alipomfuma Eustaki akichinja fahali nyuma ya zizi lake, bila kibali wala ukaguzi, kwa ajili ya wakwe waliokuja kuleta mahari ya binti yake. Atupele alipasua ini la fahali yule mbele ya wakwe, akaonyesha kilichokuwamo, akaandika faini, akasimamia nyama yote ikizikwa. Wakwe walikula maharage. Tangu siku hiyo Eustaki alimkalia kooni: aliandika barua ya malalamiko, alieneza maneno kwamba maini yanayokataliwa huishia kwenye banda la nguruwe la jamaa za Atupele kule Mbeya, na mtoto wa mbwa aliyezaliwa mwezi huohuo akambatiza cheo chake.

“Ulisema nimechinja kichakani,” Eustaki alisema sasa, akimkuna mbwa masikio. “Watu wamesikia. Nionyeshe ngozi. Nionyeshe kwato. Nionyeshe damu ilipomwagika.”

“Mnyoo atatosha.”

“Basi tuone huyo mnyoo wako.”

Flavian, mtendaji wa kata, alikuwa mtu wa Milepa, kule bonde la Rukwa, aliyekwisha kuchoshwa na wote wawili. Aliwaita jioni ile ile, akawasimamisha mbele ya meza yake bila kuwapa viti.

“Sikilizeni. Jumatatu, hapa uwanjani, mbele za watu. Mnyoo akiwa wa ini, Mzee Eustaki, bucha naifunga, na leseni yako mimi mwenyewe nitaipeleka wilayani. Akiwa si wa ini, wewe Mtaalamu, ile barua dhidi yako niliyoikalia tangu Pasaka itapanda gari Ijumaa kwenda wilayani. Na nitaisindikiza kwa maneno yangu. Hapa hutabaki.”

“Nakubali,” alisema Eustaki.

“Nami nakubali,” alisema Atupele, maana hakuona cha kuogopa.

Chupa yenye mnyoo wa Gaudiosa ilikuwa imekabidhiwa kwa Sadoki, bwana afya wa kata. Sadoki naye alikuwa mtu wa kuja, kutoka Mbeya, na kwa sababu hiyo walizoea kukaa pamoja Jumapili baada ya ibada, wakila ndizi zilizotoka nyumbani na kuwasema wenyeji. Jumapili hii Atupele alikwenda na lenzi yake ya mkononi, sahani nyeupe ya bati, na chupa nyingine ndogo aliyokuwa akiihifadhi kwa kufundishia: ndani yake mlikuwa na minyoo ya ini halisi, iliyotoka kwa fahali wa Machi.

Gaudiosa alikuwa amemtumbukiza mnyoo wake kwenye spiriti, baada ya kumtoa kwenye bakuli ambamo ini lilikuwa limepakwa chumvi na limao. Atupele alimmimina sahanini. Kwa jicho tupu hapakuwa na shaka: jani dogo, limekunjamana kingo, lenye rangi ya chai iliyopoa. Akaweka mnyoo wa Machi pembeni. Ndugu wa tumbo moja.

Akainamisha lenzi.

Mwalimu wake wa chuoni, mzee mkavu asiyecheka, alikuwa na mazoea ya kuwatupia kiumbe mezani na kuwauliza maswali matatu, siku zote yaleyale. La kwanza: ukimkata apatikane nusu mbili zinazolingana, utapitisha kisu wapi? Sifongo wengi, viumbe wa majini wasio na umbo maalumu, hupati pa kupitisha popote. Konyeza, kiumbe laini wa majini, kama wale wadogo mfano wa sarafu walioko Ziwa Tanganyika, utamkata kwa njia kadhaa mradi kisu kipite katikati, kama unavyokata chapati. Mnyoo ana njia moja tu, kichwa hadi mkia. La pili: ana matundu mangapi? Lipo la kuingizia chakula. Je, la kutolea lipo? La tatu: mwili wake ni kipande kimoja, au umeunganishwa kwa pingili? “Mkishajibu hayo,” alikuwa akisema, “ndipo mniambie jina. Mjinga huanza na jina.”

Mnyoo wa Machi alikuwa laini kama ulimi, kipande kimoja. Mnyoo wa Gaudiosa alikuwa na mistari. Myembamba, iliyopangika, ikizunguka mwili kutoka mwanzo hadi mwisho.

Atupele aliinua lenzi, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaangalia tena. Mistari ilikuwepo. Akamgeuza kwa sindano, tumbo juu. Mnyoo wa ini ana vikombe viwili vya kunatia, vyote vimesogea upande wa mbele: kimoja mdomoni, kingine kidogo chini yake. Huyu alikuwa na kimoja mbele. Cha pili kilikuwa nyuma kabisa, kwenye ncha ya mwili, kipana, kama mguu wa glasi.

“Vipi?” aliuliza Sadoki.

“Ruba.”

“Acha utani. Ruba nawajua. Mweusi, mrefu, ananyooka kama mpira.”

“Hao ni wale wanaong'ang'ania watu na ng'ombe. Huyu ni aina nyingine, ni mfupi na bapa, chakula chake ni konokono. Hana habari na sisi, ndiyo maana nasi hatuna habari naye. Chumvi, limao na spiriti vimemkunja zaidi.” Aliweka sindano chini. “Hakutoka kwenye ini. Alikuwa kwenye maji.”

Sadoki aliinama, akaitazama sahani. Kisha akavuta kiti.

“Dada, nani hapa Kasipwe ataona pingili? Mimi mwenyewe naona jani. Flavian ataona jani. Eustaki mwenyewe ataona jani.”

“Si jani.”

“Yule mzee amempa mbwa jina lako!”

“Hajampa jina langu. Amempa cheo changu.”

“Haya, cheo chako! Na Machi hakuchinja kichakani?”

“Machi alichinja, nikamwandikia faini. Hii si Machi.”

“Kwa hiyo unakwenda kusimama mbele za watu ujifukuze kazi mwenyewe, ili Eustaki akucheke.”

“Nakwenda kujibu nilichoulizwa. Nimeulizwa huyu ni mnyoo gani.”

Sadoki aliinuka. Uso wake ulikuwa umebadilika, na Atupele, aliyezoea kusoma dalili, alitambua kwamba hofu hii haikuwa kwa ajili yake.

“Ukisema ruba,” Sadoki alisema polepole, “watauliza ameingiaje jikoni. Gaudiosa ameloweka ini usiku kucha kwenye maji ya chemchemi. Wote wanaloweka hivyo. Maji ya bomba hawayataki, wanasema yananuka dawa. Mimi ndiye ninayetia hiyo dawa tangini, na mimi ndiye niliyepeleka taarifa wilayani kwamba migahawa yote Kasipwe inatumia bomba. Umenielewa?”

“Nimekuelewa. Ulikuwa unajua haitumii.”

“Kila mtu anajua!”

“Basi si siri.”

“Nenda,” alisema Sadoki, akifungua mlango. “Nenda kabla sijakutukana kwa lugha ya nyumbani.”

Jumatatu upepo ulikuwa ule wa Ufipa wa mwezi Juni, unaopita kwenye sweta kama hakuna sweta. Watu walijaa uwanja wa ofisi ya kata wakiwa wamejifunika mashuka na mablanketi. Gaudiosa alikaa mbele pamoja na Luciana, mama wa mtoto wa kipaimara, ambaye ndiye aliyemkuta mdudu kwenye bakuli alipokwenda jikoni kuhimiza chakula, akarudi kutapika mbele ya padri. Sadoki alisimama mbali, mikono mifukoni. Eustaki alikuja na mkewe Rosina, na mbwa.

“Anza, Mtaalamu,” alisema Eustaki. Mbwa akainuka. “Si wewe! Lala.”

Watu walicheka. Flavian akagonga meza kwa rula.

Atupele aliweka sahani ya bati mezani, akapanga minyoo miwili, wa Gaudiosa kushoto, wa Machi kulia.

“Jumamosi nilisema kwa simu kwamba huyu ni mnyoo wa ini,” alianza. “Nilisema bila kumwona. Nimemwona. Nilikosea.”

Kicheko kilikatika. Gaudiosa aligeuza shingo kama aliyeitwa kutoka nyuma.

“Umesemaje?”

“Si mnyoo wa ini. Ini ulilonunua kwa Mzee Eustaki lilikuwa zima. Mheshimiwa mtendaji, njoo uangalie. Usiniamini mimi.”

Flavian aliinama kwenye lenzi, jicho moja limefumba, mdomo wazi.

“Naona jani na jani.”

“Tembeza lenzi polepole. Huyu wa kulia ana mistari?”

“Hana.”

“Wa kushoto?”

Flavian alisogeza lenzi. “Ana… ndiyo. Ana mistari. Mingi.”

“Mzee Eustaki, nawe njoo.”

“Mimi si mwanafunzi wako.”

“Mwanafunzi ndiye angekuwa na haki ya kukataa. Wewe ni mshtakiwa.”

Rosina alimsukuma mumewe bega. “Nenda ukaone, baba, tusije tukaambiwa kesho amebadilika kuwa chatu.”

Eustaki aliinama. Alikuwa amechinja ng'ombe tangu ujana wake, na jicho lake halikuhitaji kuelekezwa mara mbili.

“Kama koo la ng'ombe,” alisema. “Pete kwa pete.”

“Ndivyo. Mnyoo wa ini hana pete, mwili wake ni kipande kimoja. Sasa angalieni jambo la pili.” Atupele alichukua mwiba mwembamba wa mchongoma, akamlaza mnyoo wa Gaudiosa kifudifudi. “Mnyoo wa ini ana mdomo. Tundu la nyuma hana. Tumbo lake limegawanyika matawi kama mto, lakini kila tawi linaishia ndani. Mabaki anayatoa kwa mdomo uleule aliolia chakula.”

“Basi wako wengi hapa senta!” alidakia mwanamke mmoja kutoka nyuma.

“Na wanaimba kwaya!” alijibu mwingine, na uwanja mzima ukaangua kicheko. Atupele alisubiri wamalize. Hakucheka.

“Huyu,” alisema, na ncha ya mwiba ikazama mgongoni, juu kidogo ya kile kikombe cha nyuma, “analo. Chakula kinaingia huku, kinatoka huku. Matundu mawili, pingili mwilini, kikombe kila ncha. Ni ruba. Ruba haishi kwenye ini la ng'ombe. Anaishi majini, na huyu anawinda konokono.”

Ilichukua muda mfupi mno neno hilo kufika lilikokuwa likienda. Luciana ndiye aliyegeuka wa kwanza, akamtazama Gaudiosa.

“Uliloweka ini kwa maji gani?”

“Maji ni maji!”

“Nakuuliza, maji gani?”

“Ya chemchemi, kama mama yako, kama bibi yako!” Gaudiosa alisimama, khanga ikamponyoka begani. “Ningeloweka kwa maji ya bomba yale? Ini lote linuke hospitali? Wewe mwenyewe uliniambia, ‘Gaudiosa, usiwapikie wageni wangu dawa!’ Uongo?”

“Nilisema chemchemi. Sikusema uniletee na ruba wake!” alifoka Luciana.

“Na padri alikuwepo!” aliendelea Luciana, akilia. “Nimetapika mbele ya padri!”

Flavian aligonga rula hadi ikavunjika. Kisha akamgeukia Sadoki, ambaye alikuwa ameanza kurudi nyuma taratibu kuelekea kwenye pikipiki yake.

“Bwana afya. Wewe uliniambia migahawa yote inatumia bomba.”

“Mheshimiwa, nitakuja ofisini.”

“Utakuja, ndiyo.”

Eustaki alikuwa bado amesimama mezani. Hakuonyesha furaha. Alikuwa na uso wa mtu aliyerudishiwa jembe lake likiwa limevunjika mpini.

“Mtendaji,” alisema, “bucha yangu imepakwa mavi. Nyama ya siku nzima imeliwa na mbwa. Uongo ulitangazwa kwa spika. Sasa ukweli utasemwa kwa mdomo mtupu, usikike mpaka pale kwenye benchi la tatu tu?”

“Unataka nini?”

“Nataka auseme kama alivyousema uongo.”

Pale ofisini palikuwa na kipaza sauti cha mkononi, kile cha kutangazia chanjo. Flavian alimtazama Atupele, akidhani atakataa, na pengine akitumaini atakataa ili mambo yaishe kwa aibu ndogo.

“Kileteni,” alisema Atupele.

Alikishika, akabonyeza, kikapiga mluzi. Sauti yake ilitoka kubwa na kavu, ikavuka mashamba ya mahindi yaliyokwisha kuvunwa, ikafika kwenye mashine ya kusaga, ikafika machinjioni.

“Mimi ni Atupele, mkaguzi wa nyama. Jumamosi nilisema Mzee Eustaki amechinja kichakani. Hakuchinja. Nilisema mnyoo ni wa ini. Ni ruba wa chemchemi. Ini lilipita mkononi mwangu Ijumaa, lilikuwa safi.” Alivuta pumzi. “Chemsheni maji.”

Akakizima, akakirudisha mezani.

“Umesahau kuomba radhi,” alisema Rosina.

“Nakuomba radhi, Mzee Eustaki, kwa uongo wa Jumamosi.”

“Wa Jumamosi tu?”

“Wa Jumamosi tu. Machi nilikuwa sahihi.”

Eustaki alitema mate pembeni, mbali na viatu vya Atupele, kwa kipimo.

“Barua itapanda gari Ijumaa,” alimwambia Flavian. “Ulisema mbele ya mashahidi.”

“Itapanda,” alijibu Flavian. “Nilichosema nimesema.”

Jioni, Atupele alikuta godoro lake uani, sanduku juu ya godoro, na ndoo juu ya sanduku. Gaudiosa alikuwa ameegemea fremu ya mlango akichambua mchele, bila kuinua macho.

“Kodi yako ya mwezi huu nitakurudishia,” alisema. “Sitaki pesa ya nyoka.”

“Mwezi haujaisha.”

“Nimekulisha miaka mitatu. Ulipougua malaria nilikupikia uji kwa mkono huu. Ungenyamaza, ungepungukiwa nini? Mnyoo ni mnyoo! Sasa nani atakula kwangu?”

“Ukitumia maji ya bomba, watakula.”

Gaudiosa alirusha konzi ya pumba, upepo ukaichukua kabla haijamfikia mtu.

“Ondoka uani kwangu.”

Asubuhi ya Jumamosi alikuwa na adui mmoja, naye alimfahamu vyema, tabia zake zote na saa zake. Sasa alikuwa nao watatu, wawili kati yao wageni katika kazi hiyo na wenye bidii ya wageni. Alilala kwenye chumba cha stoo cha machinjio, kati ya mifuko ya chokaa na madumu ya mafuta ya taa, akiwa amevaa nguo zake zote.

Jumanne alfajiri mvuke ulikuwa ukipanda kutoka kwenye sakafu ya saruji. Eustaki alikuwa ameshachuna. Nyama ilining'inia kwenye kulabu, na matumbo yalikuwa kwenye karai.

“Shikamoo,” alisema Atupele.

“Ng'ombe ni huyo.”

Alianza kichwani kama kawaida, akapasua mashavu, akaangalia ulimi. Kisha akaliweka ini juu ya meza ya bati. Hata kabla ya kisu aliona: mirija ilikuwa migumu, imetutumka kama mishipa ya mkono wa mkulima. Akapasua. Kisu kilikwaruza kama kinachokata ganda la yai. Akakamua kwa kidole gumba, na wakatoka wawili, watatu, bapa, wakijikunja taratibu kwenye ubaridi.

“Limekataliwa,” alisema.

Eustaki aliweka shoka chini. “Jana unanisafisha, leo unanilipizia.”

“Jana hakuwepo mnyoo wa ini. Leo yupo.”

“Siku tatu sijauza hata mfupa. Leo ndiyo nafungua. Ini ndilo linalonunuliwa kwanza, unajua.”

“Najua.”

“Na huna tena mtu hapa. Hata huyo bwana afya wenu wa Mbeya anapita njia nyingine akikuona. Ukilipitisha ini hili, nani atakuuliza? Ijumaa wewe si wetu tena.”

“Leo ni Jumanne.”

Alitoa lenzi mfukoni, akaiweka mezani kando ya ini, pamoja na mwiba wa mchongoma. Eustaki alivitazama vitu vile viwili kwa chuki, akafuta mikono kwenye aproni, kisha akaichukua lenzi kwa vidole vyenye damu na kuinama.

Alitafuta pete. Hazikuwepo. Alimgeuza mnyoo kwa mwiba, akatafuta kikombe cha nyuma. Ncha ilikuwa nyembamba, haina kitu. Alianza kuchokoachokoa mgongoni, mahali palepale alipoonyeshwa jana mbele ya watu, na alichokoa kwa muda mrefu, kwa makini ya mtu anayetamani kwa moyo wote kulikuta tundu. Mbwa alikuja akaketi karibu na mguu wake, pua juu, akinusa ini.

“Halipo,” alisema mwishowe.

“Halipo.”

Eustaki alilinyanyua ini kwa mikono miwili, akalibeba hadi kwenye shimo, akalitupa. Mbwa akataka kulifuata, Eustaki akampiga teke la ubavu, naye akarudi akilia. Atupele alisogea na dumu la mafuta ya taa, akamwaga juu ya ini mpaka likang'aa.

“Ijumaa barua inapanda gari,” alisema Eustaki. “Sijabadilika.”

“Sikutegemea,” alisema Atupele, akirudi mezani na kuchukua kisu. “Lete mapafu.”